Mkuu, Nani Anakwambia Ukweli?

Fungueni Kutoka, sura ya 18. Musa ameketi, watu wamemzunguka. Wamesimama tangu asubuhi, na jua linapozama bado wamesimama, kwa sababu kila shauri katika taifa zima, kubwa kwa dogo, lazima lipite kwake. Pembeni yuko mzee mmoja mgeni, Yethro, kuhani wa Midiani, baba mkwe wa Musa. Hasemi kitu. Anatazama.

Wahubiri tumezoea kukimbilia pale Yethro anapomshauri Musa ateue wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Tunafundisha habari ya kukasimu madaraka, tunafunga Biblia, tunakwenda kula. Leo sikimbii. Leo nataka tumwangalie huyu mzee alivyoingia, maana alichomfanyia Musa pale jangwani ndicho ambacho viongozi wetu wengi hawana, na kwa kukikosa wanachoka, wanakauka, na watu wao wanateseka.

Yethro hakufika peke yake. Alifika na Sipora, mke wa Musa, na wale watoto wawili wa kiume, Gershomu na Eliezeri. Someni taratibu hapo. Mtu aliyesimama mbele ya Farao, mtu ambaye bahari ilimpisha, mke wake na wanawe walikuwa wanaishi kwa babu! Basi Yethro hakuanza na mambo ya ofisi. Alianza kwa kumrudishia mtu nyumba yake. Wakasalimiana, wakaulizana hali, wakaingia hemani. Musa akamsimulia yote yaliyotokea, ya ushindi na ya taabu, na yule mzee akasikiliza mpaka mwisho, akafurahi pamoja naye. Wakala chakula. Ndipo kesho yake akaenda kumtazama kazini.

Na alipofungua kinywa, aliuliza. Maswali mawili: ni nini hiki unachowafanyia watu, na kwa nini umeketi peke yako?

Sasa msikilizeni Musa anavyojibu. Ameulizwa kwa nini yuko peke yake. Yeye anajibu kwamba watu wanamjia. Wana shida, wanamjia, anawaamulia. Ameruka swali! Na tangu siku ile mpaka leo, kila bosi mwenye meza iliyojaa mafaili amejibu vilevile: "Nifanyeje, wananitegemea." Ndugu mkurugenzi, hukuulizwa kama wanakutegemea. Umeulizwa kwa nini uko peke yako.

Yethro hakukubali jibu lile. Akamwambia wazi kwamba njia hiyo haifai, kwamba atadhoofika yeye na watu wake pia. Hapo ndipo penye moto wa neno hili: yeye na watu wake pia. Kiongozi akizeeka vibaya kitini hazeeki peke yake.

Tunawafundisha watoto kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli. Lakini mkuu asiyesikia la mtu yeyote, je? Guu linalovunjika si lake. Ni la muuguzi ambaye malimbikizo yake hayajasainiwa kwa kuwa dokezo liko mezani kwa mkubwa na mkubwa yuko safarini. Ni la mwalimu aliyeacha kuleta mawazo kwa sababu mara ya mwisho alipoleta alifokewa mbele ya wenzake. Ni la mkulima ambaye chama chake cha ushirika kimekosa soko kwa sababu mwenyekiti alikuwa na hakika, na mwenyekiti mwenye hakika haulizwi.

Hebu tuingie katika kikao cha menejimenti, Jumatatu asubuhi, katika ofisi yoyote kati ya Dar es Salaam na Mwanza. Chupa za maji zimepangwa. Bosi anaingia, wote wanasimama. Anaketi, anasema amepata wazo mwishoni mwa juma: lile jengo la ghorofa moja litakuwa la ghorofa tatu. "Mnaonaje?" Mhasibu mkuu anajua kwamba fedha ya ghorofa moja yenyewe haijakamilika. Anaitazama kalamu yake kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Ofisa mipango anasema, "Wazo zuri sana, mkuu, mimi naunga mkono." Wa tatu anaunga mkono kuunga mkono. Katibu anaandika kwamba wajumbe waliafiki kwa kauli moja. Kikao kinafungwa, chai inanywewa. Dakika kumi baadaye, karibu na mashine ya kudurufu, ndipo kikao chenyewe kinapofanyika, kwa sauti ya chini, na kile kikundi cha WhatsApp ambacho bosi hayumo kinaanza kuwaka moto. Wewe bosi umerudi ofisini umeridhika. Umesikia makofi. Hujasikia hata neno moja la kweli tangu asubuhi.

Usidhani hao ni watu wabaya. Wana karo za kulipa. Wewe ndiwe unayeandika tathmini zao za kazi, wewe ndiwe unayepanga nani ahamishwe. Kadiri unavyopanda ngazi, ndivyo kila mtu anayezungumza nawe anavyokuwa na kitu cha kupoteza. Ukweli haupandi ngazi hizo kwa urahisi. Lazima ushuke uutafute, au umlete mtu ambaye mshahara wake hauko mkononi mwako, ambaye hataki cheo chako wala hakiogopi, akae nawe mlango umefungwa na akuulize yale ambayo walio chini yako hawathubutu.

Mtu huyo siku hizi anaitwa kocha wa viongozi. Wengine wanasikia jina hilo wanacheka. Kocha? Mimi nimekuwa mchezaji? Na wengine hawacheki, wanakasirika, kwa kuwa wanaamini kocha huletewa mtu anayeshindwa kazi.

Mrudieni Musa. Yethro alimkuta katika hali gani? Alimkuta juu kabisa! Bahari imevukwa, mana imeshuka, Waamaleki wamepigwa. Kama ni taarifa ya utendaji, mwaka ule Musa alipata alama zote. Na ni hapo hapo, juu ya kilele, alipokuwa anajiua kwa kazi bila kujua.

Au mwangalieni Eliud Kipchoge. Kijana wa Nandi alimwendea jirani yao, Patrick Sang, kuomba programu ya mazoezi. Mwaka 2003, huko Paris, akiwa na umri wa miaka 18, akawapita Hicham El Guerrouj na Kenenisa Bekele katika mita 5,000 na kuwa bingwa wa dunia. Angeweza kusema asante mwalimu, sasa nimefika. Hakusema. Akachukua dhahabu ya marathoni Rio mwaka 2016, akiwa na Sang. Tarehe 12 Oktoba 2019, huko Vienna, akamaliza marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, jambo ambalo hakuna mwanadamu aliyekuwa amelifanya, ingawa halikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi, akiwa na Sang. Berlin mwaka 2022 akaivunja rekodi yake mwenyewe ya dunia kwa 2:01:09. Bado alikuwa na Sang. Na huyo Sang hakuwahi kuwa bingwa wa dunia wa marathoni. Medali yake ya fedha ya Olimpiki, aliyoipata Barcelona mwaka 1992, ni ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Mtu aliyeshikilia rekodi ya dunia ya marathoni alisimamiwa na mtu asiyeweza kushindana naye mbio! Wewe meneja wa tawi unasema hakuna wa kukufundisha, eti kwa sababu hakuna aliyewahi kukaa katika kiti chako?

Ndilo jambo lililomkwaza Eric Schmidt. Alipoichukua Google mwaka 2001 tayari alikuwa amewahi kuwa mkurugenzi mtendaji wa kampuni nyingine kubwa. John Doerr, mjumbe wa bodi, akamshauri atafute kocha. Schmidt amesimulia mwenyewe kwamba ushauri ule ulimkera. Yeye ni mkurugenzi mzoefu, kocha wa nini? Na kocha aliyeletewa, tazameni ajabu hii, alikuwa Bill Campbell, mtu aliyekuwa kocha wa timu ya chuo ya mpira wa Kimarekani, Columbia University, kuanzia 1974 hadi 1979, akashinda mechi 12, akapoteza 41, akatoka sare moja. Ukiangalia msimamo wa ligi, humpi hata timu ya mtaa. Baadaye alifanya kazi Apple, akaiongoza Intuit, lakini kipaji chake kilikuwa kwingine: kumtazama kiongozi machoni, kumpenda waziwazi, na kumwambia lile ambalo wengine walikuwa wanalizunguka. Campbell alifariki mwaka 2016. Mwaka 2019 Schmidt pamoja na wenzake wawili wakatoa kitabu kizima kumhusu, na yule aliyekereka amesema maneno ya Doerr ni miongoni mwa ushauri bora kabisa aliowahi kupewa.

Kinyozi hajinyoi, wapendwa. Hakuna aibu hapo.

Basi niwaambie kazi hii inavyofanyika, maana wengine mnadhani ni kukaa na mtu akakumwagia maneno matamu ya hamasa. Siyo. Siku ya kwanza wanakaa watatu: kiongozi, kocha, na yule anayelipa, mara nyingi mwenyekiti wa bodi. Wanakubaliana ni nini kinapaswa kubadilika na kitajulikanaje kwamba kimebadilika. Kisha anayelipa anaondoka, na kuanzia hapo yanayosemwa chumbani hayapelekwi popote. Bila siri hiyo hakuna kazi. Baadaye kocha anazunguka. Anaongea na walio juu ya kiongozi, walio kando yake na walio chini yake, mmoja mmoja, akiuliza mnaishije na huyu mtu. Anakusanya, anaondoa majina, anamletea kiongozi mrejesho wake. Nasikia watu wazima wameyasoma hayo makaratasi mara tatu wakitafuta mwandiko wa nani. Acha kutafuta! Soma.

Halafu ndipo vikao vinaanza, saa moja au saa moja na nusu, pengine kila wiki mbili, kwa miezi sita hadi mwaka. Na humo ndani kocha kazi yake kubwa ni kuuliza. Timothy Gallwey, mwalimu wa tenisi wa Marekani, aliligundua hili uwanjani na kulitolea kitabu mwaka 1974: ukimpigia mwanafunzi kelele, inua mkono, pinda goti, anakakamaa, ukimwambia auangalie tu mpira unavyodunda, mwili unajirekebisha. John Whitmore, Mwingereza aliyewahi kuwa dereva wa magari ya mashindano, akayachukua mawazo hayo akayaingiza maofisini, na kitabu chake cha mwaka 1992 kikaeneza utaratibu ambao makocha wengi wanautumia hadi leo: unataka nini, hali ikoje sasa hivi, kuna njia zipi, na utafanya ipi na lini. Maswali manne. Mtoto wa darasa la saba anaweza kuyakariri. Kuyajibu bila kujidanganya ndiko kunakotoa jasho.

Tuchukulie mama mmoja, mganga mfawidhi wa hospitali ya dayosisi. Daktari hodari, mcha Mungu, amechoka. Analalamika kwamba kila kitu lazima akifanye yeye.

"Mama, mara ya mwisho katibu wako wa afya alipoamua jambo bila kukuuliza ilikuwa lini?"

"Yule? Hawezi kuamua kitu."

"Aliwahi kujaribu?"

Kimya. Kocha haujazi ule ukimya. Anaacha.

"Mwaka jana. Umeme ulikatika, akanunua dizeli ya jenereta bila sahihi yangu."

"Na wewe ukafanyaje?"

"Nilimwandikia barua ya kujieleza."

Mnaona? Hakuna aliyemhubiria. Hakuna aliyemwambia wewe mama ni dikteta. Amejisikia mwenyewe, kwa sauti yake mwenyewe, kwamba yule asiyeweza kuamua alifundishwa kutoamua, na barua ya somo hilo iko kwenye faili masijala, yenye mhuri. Wakati wodi ya wazazi ilikuwa inataka taa!

Hii si mbinu mpya ya Wazungu. Nabii Nathani aliifanya mbele ya Daudi. Mfalme amelala na mke wa Uria, amemuua Uria kwa upanga wa Waamoni, na katika jumba zima la kifalme hakuna anayekohoa. Nathani angeingia na mashtaka, pengine angetoka bila kichwa. Akaingia na habari ya tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja. Daudi akawaka hasira, akatoa hukumu. Na alipokwisha kuitoa ndipo akaambiwa mshtakiwa ni nani. Tofauti ya Daudi na wengi wetu si kwamba yeye hakutenda dhambi. Ni kwamba aliposhikwa hakuuliza nani amekupa habari hizi.

Kuna pia mambo madogo ambayo si dhambi kabisa, ila hakuna anayekuonyesha. Atul Gawande ni daktari bingwa wa upasuaji wa Boston, mwandishi mashuhuri pia. Mwaka 2011 aliandika jinsi alivyoona amefika mahali haongezeki tena. Akamwomba Robert Osteen, mwalimu wake wa zamani aliyekwisha kustaafu, aje asimame tu chumba cha upasuaji amwangalie. Upasuaji wa tezi ya shingoni ukaenda vizuri. Gawande mwenyewe hakuona kasoro. Kumbe Osteen alikuwa ameandika mambo. Kiwiko chako kinapanda hadi usawa wa bega, mkono unakosa utulivu. Shuka ulizitandika zikakufaa wewe, lakini msaidizi wako ng'ambo ya meza zikambana. Na ile taa ya juu ilihama kutoka kwenye kidonda, na kwa takribani nusu saa ulikuwa unapasua kwa mwanga wa kuakisiwa tu. Nusu saa! Daktari wa kiwango kile. Chumba kimejaa watu, na hakuna aliyesema, Daktari, taa.

Kiongozi wangu, msaidizi wako amebanwa na shuka uliyoitandika wewe kwa raha yako, na hatasema.

Marshall Goldsmith, ambaye naye amefanya kazi hii na wakuu wengi wa makampuni Marekani, amejulikana kwa mkataba wake: halipwi mpaka mwisho wa kipindi, tena pale tu ambapo wale wanaofanya kazi na kiongozi watasema amebadilika. Hamwulizi kiongozi. Napenda sana sheria hiyo. Ukimuuliza bosi kama amebadilika, amebadilika. Muulize dereva wake. Goldsmith huyo anaonya juu ya ugonjwa mmoja wa watu wenye akili nyingi: kijana anakuletea wazo zuri, nawe huwezi kulipokea lilivyo, lazima uongeze chako. "Safi, lakini tungefanya hivi." Wazo limeboreka kidogo, moyo wa kijana umetoka kabisa, maana sasa wazo si lake tena. Wangapi tumewamaliza vijana namna hiyo huku tukiamini tunawalea? Jizuie. Mwambie "safi", unyamaze. Wiki moja tu ufanye hivyo, utaona jinsi inavyowasha ulimi.

Lakini angalieni sana mnaye­mchagua. Rehoboamu mwana wa Sulemani naye alikuwa na washauri. Watu walimwomba apunguze mzigo ambao baba yake aliwatwika. Akaomba siku tatu. Wazee waliomtumikia baba yake wakamwambia awe mpole kwa watu hawa. Akawaacha wazee, akawaendea vijana waliokua pamoja naye, nao wakampa jibu la ukali alilokuwa analitamani. Akalitoa. Makabila kumi yakaondoka, na hayakurudi. Rehoboamu hakukosa ushauri. Alitembea toka mlango hadi mlango mpaka akapata mdomo uliosema lililomo tumboni mwake.

Na siku hizi midomo hiyo inauzwa. Mtu amehudhuria semina ya siku mbili hotelini, amepiga picha na cheti, Jumatatu ameshaandika kwenye mtandao kwamba yeye ni kocha wa wakurugenzi. Muulize saa zake. International Coaching Federation, shirikisho lililoanzishwa mwaka 1995, kwa ngazi yake ya chini kabisa linataka saa 60 za mafunzo na saa 100 za kukochi watu. Kwa ngazi ya juu kabisa, saa 2,500 za kukochi. Saa hizo pekee hazimfanyi mtu awe Yethro, lakini asiye nazo aeleze alijifunzia kwa nani. Muulize pia ni lini alimwambia mteja jambo lililomuudhi. Akikwambia wateja wake wote wanafurahi, mlipe nauli arudi kwao.

Kigezo kingine kiko mwisho wa sura yetu ileile. Yethro alipomaliza, Musa akamuaga, naye akarudi nchi yake. Hakujenga hema la kudumu karibu na la Musa. Hakuwa mlango ambao kila uamuzi wa Musa ulipaswa kupitia. Kocha ambaye baada ya miaka mitatu huwezi kuajiri hata mhudumu wa mapokezi bila kumpigia simu, huyo amekuwa mganga wako, na wewe umekuwa kijiji chake.

Wala asije mtu akajificha nyuma ya neno hili. Kocha hatibu wizi. Mkurugenzi aliyekula fedha za wanachama hahitaji vikao kumi na viwili vya kujitafakari. Anahitaji wakaguzi, na Tanzania tuna TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa. Na mwenye jeraha la rohoni, mwenye msiba usiopoa, mwenye pombe inayomshinda, huyo apelekwe kwa wenye taaluma ya kutibu majeraha hayo. Kocha mwaminifu atakuwa wa kwanza kumwambia hivyo.

Nasikia mtu nyuma ananong'ona: Mchungaji, hizo ni habari za wenye makampuni, mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya kata, kocha nitamlipa nini? Fungua Matendo ya Mitume, sura ya 18 vilevile. Apolo, msemaji hodari, amejaa maandiko, sinagogi linamsikiliza. Prisila na Akila, mke na mume, mafundi wa mahema, wanamsikia na kugundua kuna sehemu haijakaa sawa. Hawakumsahihisha mbele ya watu. Walimchukua kando, wakamweleza njia kwa usahihi zaidi. Hakuna ankara iliyoandikwa. Apolo akatoka pale akaenda Akaya akawa msaada mkubwa. Wilayani kwako yuko mama aliyestaafu baada ya kuongoza shule miaka mingi, amekaa barazani, anapanga kuku wake, hakuna anayemuuliza kitu. Mwendee. Mwambie, Shikamoo mama, naomba uje ukae katika kikao changu cha walimu, usiseme neno, kisha uniambie ulichoona. Au mwalimu mkuu wa kata ya jirani: wewe uende kwake mwezi huu, yeye aje kwako mwezi ujao, na mkubaliane kabla hamjaanza kwamba kusifiana hakuruhusiwi.

Ninachokataa ni ule uvivu wa kiroho unaojiita unyenyekevu: "Mimi namsikiliza Mungu tu." Musa alikuwa anazungumza na Mungu uso kwa uso, wapendwa! Na bado katika habari ya namna ya kuendesha siku yake ya kazi alifundishwa na baba mkwe, mtu wa taifa jingine, mfugaji wa Midiani. Mungu angeweza kumwambia mwenyewe. Alimtuma mzee mwenye macho.

Nanyi wajumbe wa bodi, wa halmashauri kuu za makanisa, wa kamati za shule na za ushirika, msinyamaze kana kwamba neno hili linawapita. Mkimteua mkurugenzi mnampa gari, dereva, mafuta, posho ya simu na ya nyumba. Mnampa kila kitu kinachomtenga na watu, kisha mnashangaa miaka mitatu baadaye kwamba amekuwa mtu mwingine. Bajeti ya mwaka ujao mkiijadili, wekeni kifungu cha kumkuza, mkiandike kwa jina lake na kiasi chake, na mtu wa kwanza kwenye orodha ya watakaokaa na kocha awe mwenyekiti wa bodi.